Kibomba cha Shaba na Mgonjwa Asiyeitika

Siku ya kuniaga mlinipa nafasi ya kusema. Nikasimama, nikashukuru kwa keki na kitenge, nikakaa. Wiki iliyofuata mmoja wenu alinifuata hadi nyumbani Katubuka akanilalamikia kwamba miaka yote ile ya kulaza watu usingizi haiwezi kuisha kwa sentensi mbili. Ana haki. Basi nimekaa kuandika, ila sitagusa vyeo wala mishahara. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara kila mmoja wenu anaujua ulivyo.

Nitaandika juu ya vifaa tulivyotumia kuiweka wazi njia ya hewa ya mgonjwa, kwa sababu ninyi mmevikuta vya plastiki, kila kimoja ndani ya mfuko wake, rangi yake kwa saizi yake, mnatumia mara moja mnatupa. Mnadhani vilizaliwa hivyo. Na nitaandika juu ya mgonjwa mmoja wa miaka ya wakimbizi ambaye sijawahi kumsimulia mtu wa kazini, maana niliogopa mngesema Bi Zainabu ameanza kuchanganyikiwa. Sasa nimestaafu, semeni mnavyotaka.

Nilianza kazi katika hospitali ndogo ya kando ya ziwa. Sitaitaja jina, kwa sababu waliokuwepo wengi wangali hai na wana maneno. Nilikuwa binti wa Ujiji niliyetoka chuoni na sare mbili na madaftari mengi. Aliyenipokea ni Mzee Filbert, Muha wa upande wa Kasulu, mrefu, mkimya, aliyekuwa akilaza watu usingizi tangu mimi sijazaliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, na pasipo hata neno la karibu akanikabidhi sinia la bati lililofunikwa kitambaa cha kijani. Akaniambia nifunue nimweleze ninachokiona. Nilifunua. Nikamwambia naona vitu vya fundi baiskeli.

Hakucheka. Alinifundisha historia ya kazi yetu kwa kulifuata lile sinia kutoka kushoto kwenda kulia. Mtu akilala kwa dawa, alisema, misuli yote inalegea, na ulimi ni msuli. Unarudi nyuma, unaziba koo, na mtu anakufa huku daktari akisifia mshono wake. Watu wa kwanza kabisa walioitumia etha, dawa ya kulaza ya kuvuta puani, hawakuwa na kitu ila mikono. Walisukuma taya mbele kwa vidole, wakakaa hivyo mpaka mwisho. Baadaye wakachoka, wakatengeneza koleo la kuukamata ulimi na kuuvuta nje. Lilikuwepo kwenye sinia, limekaa la kwanza kushoto, lina meno. Wagonjwa waliamka na ndimi zenye vidonda, na wengine walishonwa uzi kwenye ulimi ili uvutwe kirahisi. Karibu na koleo palikuwa na kipande cha mti kilichochongwa mithili ya parafujo, cha kuzungusha katikati ya meno yaliyojifunga. Nilikishika nikakirudisha haraka.

Ndipo, Mzee akaendelea, akatokea mtu wa nchi za mbali akawaza kwamba badala ya kuuvuta ulimi ni afadhali kuuwekea daraja. Akapinda bomba fupi la chuma lifuate mgongo wa ulimi hadi nyuma, hewa ipite ndani yake. Baadaye wengine wakaunda la mpira mweusi lenye chuma mahali pa kung'atia. Wengine wakapitisha mpira mwekundu hadi ndani ya koo la pumzi lenyewe. Mipira ile ilikatwa kutoka kwenye mpira mrefu uliokunjwa, ili ibaki na mkunjo, na ndiyo maana Mzee aliihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga, imejizungusha. Ukilifunua kopo inajikunjua kidogo. Mwaka wangu wa kwanza sikupenda kulifungua kopo lile nikiwa peke yangu, na ninakiri.

Vitabuni vifaa hivi vina majina ya Wazungu waliovibuni. Sisi tuliviita vibomba tu. Chetu cha watu wazima kilikuwa cha shaba, rangi yake ya fedha imebanduka zamani, kimechemshwa mara zisizo na hesabu. Mahali pa kung'atia palijaa alama za meno. Shaba ni laini. Nilipitisha kidole nikahisi vishimo, vikubwa na vidogo, vimepandana. Nikamwuliza Mzee ni vya nani. Akasema ni vya watu waliopona.

"Wote walipona?"

"Waliong'ata," akasema. "Anayekufa hang'ati."

Baada ya hapo alinionyesha namna ya kupima, kutoka pembe ya mdomo hadi ncha ya sikio, na namna ya kukiingiza kimegeuzwa kisha kukizungusha kikikaribia nyuma. Hayo bado mnafanya, na plastiki haijabadilisha kitu. Lakini alikuwa na sharti jingine ambalo halimo kitabuni. Kibomba hakitoki mdomoni mpaka mgonjwa aitwe jina lake na ageuke. Si mama fulani, si wewe, si dada. Jina lake. Unainama sikioni unaliita. Macho yakitembea chini ya kope, au kichwa kikigeuka, unakitoa. Katika ujana wake aliwahi kukitoa mapema kwa mtu aliyemwona anakohoa, akadhani ameamka. Hakunisimulia mwisho wake, nami sikuuliza.

Mama yangu hakuipenda kazi hii. Pale kwetu Ujiji mtoto alifundishwa kwamba akisikia jina lake linaitwa na sauti asiyoijua, anyamaze mpaka amwone mwitaji. Ukiitika ovyo unakwenda nayo. Mama alinisikiliza nikieleza sharti la Mzee Filbert, akaacha kuchambua dagaa, akasema ninyi mnawaita watu waliolala, halafu hamjui nani mwingine anasikia. Nikamwambia hayo ni mambo ya zamani. Nilikuwa na cheti, na cheti kilinipa ujasiri mwingi usio na kazi.

Miaka ya tisini wakaja wakimbizi. Warundi walishuka kwa miguu wakipitia milimani, Wakongo wakavuka ziwa kwa mitumbwi. Mlioanza kazi baadaye hamwezi kuelewa maana ya hospitali ya vitanda hamsini ikipokea watu wa kambi tatu. Tulilaza wagonjwa chini, tukalaza chini ya vitanda, tukalaza barazani. Mashirika yalituletea vifaa, na ndipo nilipoviona vibomba vya plastiki kwa mara ya kwanza, boksi zima, vyeupe, vizuri. Mhudumu wetu wa chumba cha upasuaji alikuwa mtu wa usafi uliopitiliza. Akavichemsha vyote kwa pamoja kama alivyozoea kuchemsha shaba, kwa muda uleule. Vikanyooka. Vilitoka sufuriani vimenyooka kama penseli, na hapakuwa na namna ya kuvirudisha. Mzee Filbert aliangalia, akasema ahsante, akarudi kwenye sinia lake.

Kwa hiyo siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa na kibomba kimoja tu cha mtu mzima. Cha mpira mweusi kilikuwa kimepasuka, na mipira myekundu iliyobaki kwenye kopo ilikuwa ya watoto.

Ilikuwa kiangazi, ule wakati moshi wa mashamba unapotanda mpaka ziwa halina upande wa pili. Asubuhi lori la kambini lilimleta mwanamke Mrundi, kama miaka ishirini na sita, utumbo umejisokota. Alikuja na bibi mmoja, shangazi yake, aliyeshikilia kadi ya chakula kwa mikono miwili. Kadi ilisema mgonjwa anaitwa Konsolata. Niliandika Konsolata kwenye kitabu, nikamwita Konsolata nilipomwekea barakoa ya etha usoni, naye akanitazama tu kwa maumivu. Daktari wetu, kijana mwepesi wa mikono, alimaliza kabla ya adhuhuri. Tukamtoa hadi chumba kidogo cha kuamkia, kibomba cha shaba kikiwa mdomoni, pumzi ikipita humo kwa filimbi nyembamba.

Saa moja ikapita. Nilimwita mara tatu, hakugeuka. Mapigo mazuri, rangi nzuri, mboni zinanywea kwa mwanga. Kila kitu kilisema ameamka isipokuwa yeye.

Saa nane mchana boti ikaleta mama kutoka Ilagala, uchungu wa siku mbili, mtoto amekwama, mama mwenyewe anatokwa na damu. Daktari akaanza kunawa. Mzee Filbert akaja kwenye kile chumba kidogo akasimama kichwani kwa mgonjwa wangu. Akamwita yeye mwenyewe, Konsolata, kwa sauti yake nene. Hakugeuka. Mzee aliangalia mlango wa upasuaji, akaniangalia mimi.

"Mikono yako ni mizima?" akaniuliza.

"Mizima, Mzee."

"Basi kibomba ni wewe."

Akakivuta kile cha shaba kutoka mdomoni mwa mwanamke ambaye hajageuka, akakiosha, akaingia nacho ndani. Ni yeye aliyenifundisha sharti lile na ni yeye aliyelivunja mbele yangu. Nilimchukia kwa kiasi cha dakika tano. Halafu sikuwa na nafasi ya chuki, kwa sababu filimbi ilinyamaza na kifua kikaanza kujivuta bila hewa kuingia. Nikaweka vidole nyuma ya pembe za taya, nikasukuma mbele, hewa ikaingia. Nikilegeza, inakoma. Hivyo ndivyo walivyofanya wale wa kwanza kabisa, kabla ya koleo na kabla ya chuma. Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, nimekaa kichwani kwa mtu, na uhai wake uko kwenye vidole vyangu vinane. Nawaambia wazi, niliogopa.

Nikawa namwita. Kila baada ya muda nainama sikioni nasema Konsolata, Konsolata, amka mama. Ilinichukua muda kutambua kitu, na nilipokwisha kutambua nikatamani nisingetambua. Nikiita, pumzi inasimama. Haikuwa imeziba. Nilikuwa na taya mikononi, njia iko wazi, najua njia iliyoziba inavyohisika. Ilisimama kama ya mtu anayesikiliza. Nikinyamaza inasubiri kidogo, halafu inarudi. Na kila mara ilichelewa zaidi kurudi. Nina maelezo ya kitabibu juu ya jambo hilo, na siku nyingi ninayaamini.

Dirisha la chumba lilitazama baraza alikokaa yule shangazi. Benchi zima lilikuwa lake, wengine walikuwa kwenye foleni ya dawa. Niliona kwamba kila nikiita anageuza kichwa, lakini hakunitazama mimi. Alitazama njia ya changarawe inayotoka getini. Mara ya kwanza aliangalia mbali, kule getini kwenyewe. Baadaye akaangalia katikati ya njia. Baadaye akaangalia ngazi za baraza, na akasogea mwisho wa benchi, kama unavyompisha mtu akae. Njia ilikuwa tupu. Jua lilikuwa jeupe, bila kivuli chochote cha kutajika.

Vidole vilianza kufa ganzi. Niliita tena, na safari hii pumzi ilisimama mpaka nikaanza kuhesabu, na nikaona midomo inabadilika rangi. Ndipo niliposikia mkono begani. Shangazi alikuwa ameingia, viatu amevua mlangoni. Nilitaka kumfukuza. Haruhusiwi mtu pale, na bado haruhusiwi.

"Muganga," akasema polepole, "huyo unamwita alikufaka. Tulimuzika mbele ya mvua kuanza. Ukiendelea kumwita, ni yeye atakuja."

Sikuelewa mara moja, na alipoona sielewi akaelekeza kidole kwenye kadi. Konsolata alikuwa dada mkubwa. Alifika kambini kwanza, akaandikishwa, akapewa kadi, akafa kwa homa. Mdogo wake alifika uandikishaji ukiwa umefungwa. Familia ikamwingiza kwenye kadi ya marehemu, na kambi nzima ikazoea. Yote hayo aliyasema kwa maneno machache sana, macho yakiwa mlangoni. Nikamwuliza jina la huyu aliyelala. Akaibana kadi kifuani, akauliza kama tutamnyang'anya. Bila ile kadi hakuna unga wala maharage, na nyumbani kambini walikuwa midomo mitano.

"Bibi, kadi siitaki," nikamwambia. "Nipe jina, huyu anakwenda."

Alilisema ndani ya sikio langu, kwa kunong'ona, maana hakutaka lisikike chumbani. Nikainama.

"Daforoza."

Kope zikatetemeka. Nikaita tena, na kifua kikajaa kwa nguvu mpaka mabega yakainuka kitandani. Mara ya tatu akageuza kichwa chote, akausukuma mkono wangu kwa mkono wake mwenyewe, akakohoa, akalia. Nililia pia. Shangazi hakulia. Alikuwa amegeuka mlangoni na anazungumza Kirundi kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayemwomba radhi mgeni aliyekuja bure. Sikumwuliza anazungumza na nani.

Mama wa Ilagala alipona, mtoto hakuwahiwa. Mzee Filbert alitoka jioni akamkuta Daforoza amekaa na nusu kikombe cha chai, akanivutia kiti. Nilimweleza habari ya kadi, sikumweleza ya benchi. Akasema kosa ni lake. Miaka yote amewafundisha watu kuita jina, hakuwahi kufundisha kuuliza nani amelitoa. Mimi nilisema kosa ni langu, na tukagombania kosa lile kwa adabu mpaka chai ikaisha.

Kitabuni sikubadilisha kitu. Karani wa kambi alikuwa anavipitia vitabu vyetu, na jina jingine lingewatoa watu watano kwenye chakula. Kwa hiyo mkikifunua kitabu kile cha zamani, kama mchwa hawajakimaliza, mtamkuta marehemu aliyefanyiwa upasuaji wa utumbo, akaamka vizuri, akaruhusiwa. Ndiyo takwimu pekee niliyowahi kuighushi, na sijutii.

Tangu hapo nilibadilisha namna yangu. Kabla ya dawa, watu wote wakiwa wametoka, niliinama nikamwuliza mgonjwa jina analoitwa na mama yake. Sikuliandika popote. Niliwaambia nitalitumia mara moja tu, kuwaamsha, halafu nitalisahau. Wakimbizi walinielewa haraka kuliko watu wa mjini. Baadhi waliniambia jina, wakaniomba nisimwambie hata mume. Nyinyi mna vipimo vya oksijeni vinavyolia na kioo kinachoonyesha kila pumzi, na nawaonea wivu. Bado ulizeni. Hakuna kioo kinachomjua mtu jina.

Siku ya sita baada ya upasuaji wake nilimbadilisha Daforoza bandeji wodini. Kidonda kilikuwa kikavu. Alikuwa mtu wa mzaha, kumbe, akaniambia nina mikono ya kukamua mbuzi, taya lake bado linauma. Nikaona ni nafasi ya kuomba radhi. Nikamwambia nilimwita sana kwa jina lisilo lake, na nasikitika.

"Nilisikia," akasema. "Mulikuwa munamwita dada. Nikaona si mimi munatafuta, nikanyamaza."

Nikaendelea kukunja bandeji. Nikamwuliza, kwa kutaka tu kusema neno, kama aliogopa.

"Hapana. Yeye alikuwa anaitika. Kila mukiita anasema karame, vile tunaitikia mukubwa. Ya kwanza ilikuwa mbali, huko kwa njia. Halafu kwa ngazi. Ya mwisho alikuwa amefika, ameshika hiki chuma cha kitanda."

Nilimwambia ukweli ambao sikuwa nimemwambia hata Mzee Filbert. Shangazi yake aliponigusa bega, nilikuwa nimekwisha kuvuta pumzi ili nimwite Konsolata mara moja zaidi.

"Najua," Daforoza akasema. "Na yeye alivuta pumzi, aitike."